Garching, Durham au Cape Town: ulinganisho wa nafasi tatu za uzamivu katika astrofizikia ya kompyuta

Matangazo ya nafasi za utafiti katika astrofizikia ya kompyuta yanafanana mno. Karibu kila moja linamwahidi mwombaji kompyuta kuu, kikundi cha watafiti kutoka nchi nyingi, safari za mikutano na msimamizi mwenye jina, na karibu kila moja linamtaka mtu mwenye uzamili wa fizikia anayeweza kuandika programu kwa Python au C. Mhitimu wa Dar es Salaam, Nairobi, Mbarara au Kigali anayeyasoma mfululizo huishia kuchagua kwa jina la chuo au kwa kiasi cha posho, na baadaye hujikuta katikati ya mwaka wa pili akifanya kazi ambayo siyo aliyodhani ameiomba.

Jambo ambalo tangazo halisemi, na ambalo kwangu ndilo la kwanza kuulizwa, ni umbali utakaokuwapo kati yako na msimbo. Yupo mtafiti anayeandika injini ya uigaji, yaani ile programu inayohesabu mvutano na mwendo wa gesi. Yupo anayebadilisha kanuni moja ndani ya injini iliyokwisha kuandikwa, akaiendesha upya na kuona ulimwengu unageukaje. Na yupo anayepokea matokeo yaliyokwisha kuhesabiwa na wengine, akayachambua na kuyapima dhidi ya yale yaliyoonwa kwa darubini. Kazi zote tatu ni za heshima na zote hutoa tasnifu nzuri, lakini hazimfundishi mtu ujuzi mmoja, wala baada ya miaka minne hazimfikishi mahali pamoja. Kwa kipimo hicho nitalinganisha vituo vitatu ambavyo mwombaji wa Afrika Mashariki ana sababu halisi ya kuvifikiria: Taasisi ya Max Planck ya Astrofizikia iliyoko Garching karibu na München, Taasisi ya Kosmolojia ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Durham nchini Uingereza, na vyuo vya Cape Town, yaani Chuo Kikuu cha Cape Town pamoja na Chuo Kikuu cha Western Cape.

Kwanza, kazi yenyewe ikoje

Katika uigaji wa ulimwengu mtafiti huchukua mchemraba wa anga, akaujaza chembe zinazowakilisha maada ya giza na gesi, akaziweka katika hali iliyokuwapo muda mfupi baada ya mwanzo wa ulimwengu, kisha akaiachia kompyuta ihesabu miaka bilioni 13 na zaidi ya mvutano, kupoa kwa gesi, kuzaliwa kwa nyota na kukua kwa mashimo meusi. Mchemraba huo ni mkubwa kuliko akili inavyozoea: ule wa uigaji uitwao EAGLE, uliochapishwa mwaka 2015, una upande wa megaparseki 100, ambazo ni miaka milioni 326 ya nuru, na chembe moja ya gesi ndani yake ina uzito wa zaidi ya majua milioni moja. Maana yake ni kwamba nyota mojamoja haionekani kabisa. Kila kinachotokea ndani ya chembe, kama nyota kulipuka au shimo jeusi kumeza gesi na kutema nishati, hakihesabiwi kutoka kwenye sheria za msingi za fizikia, bali huandikiwa kanuni. Kanuni hizo ndizo zinazozitofautisha shule za uigaji, na nitazirudia kwa kirefu kwa sababu anayechagua nafasi huwa anachagua pia kanuni.

Nakumbuka kazi ya kwanza niliyoiwasilisha kwenye foleni ya kompyuta ya pamoja. Ilikaa siku mbili ikisubiri zamu, ikaanza saa nane za usiku, ikaandika hatua zake za muda mstari baada ya mstari kwenye faili ya kumbukumbu kana kwamba mambo yote ni shwari, kisha ikafa ikiwa imevuka zaidi ya nusu ya umri wa ulimwengu. Nilikuwa nimeomba kumbukumbu (RAM) ya kutosha kwa mwanzo wa uigaji, wakati chembe zimesambaa sawasawa na kila nodi, yaani kila kompyuta moja ndani ya ile kuu, inabeba mzigo sawa na mwenziwe. Sikuwa nimefikiria kwamba mvutano utazikusanya chembe hizo katika vishada vizito, na kwamba nodi iliyoangukiwa na kishada kikubwa itaelemewa huku nyingine zikikaa karibu bure. Somo hilo la kugawa mzigo halipatikani kwa mtu anayepakua matokeo yaliyokamilika. Hulipata anayekaa karibu na msimbo, na hulipata kwa hasara ya usiku mwingi.

Kanuni ya shimo jeusi, na kwa nini inaamua mengi

Bila nishati inayotoka kwenye mashimo meusi, galaksi kubwa katika uigaji hupoza gesi yake yote, zikazalisha nyota nyingi kupita kiasi na kuwa nzito na za buluu kuliko zile tunazoziona angani. Shule zote tatu zinakubaliana juu ya hilo. Hutofautiana katika namna ya kuirudisha nishati hiyo kwenye gesi.

Garching ndiko aliko Volker Springel, mwandishi wa msimbo wa GADGET na baadaye wa AREPO, ambaye amekuwa mmoja wa wakurugenzi wa taasisi hiyo tangu mwaka 2018. AREPO, uliotangazwa mwaka 2010, hauifuati gesi kwa chembe bali kwa wavu wa seli zinazosogea pamoja na mkondo wa gesi yenyewe na kujipanga upya kila hatua. Juu ya msimbo huo ndipo ulipojengwa uigaji wa IllustrisTNG, ambao ndani yake shimo jeusi linalomeza gesi polepole huisukuma gesi iliyolizunguka kama upepo, kwa mwelekeo unaobadilika bila mpangilio tukio hadi tukio. Durham, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, walishika njia nyingine katika EAGLE: nishati hujilimbikiza mpaka itoshe kuipandisha chembe ya gesi hadi joto la takriban kelvini milioni 300 kwa mara moja, kwa sababu gesi iliyopashwa kidogo kidogo hupoa kabla haijafanya kazi yoyote. Shule ya tatu ilianzia Western Cape. Romeel Davé na wenzake walitoa uigaji wa MUFASA mwaka 2016, na mwaka 2019, akiwa amekwisha kuhamia Edinburgh bila kukata uhusiano na Cape Town, ukafuata SIMBA, jina ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa. SIMBA hutumia msimbo wa GIZMO, na shimo jeusi lake hurusha gesi kwa pande mbili zinazoelekeana kinyume, kwa mwendo unaofikia karibu kilomita 8,000 kwa sekunde.

Tofauti hizo si za mapambo. Galaksi zinazotoka katika uigaji wote watatu zinalingana kwa idadi na uzito na zile za kweli kwa kiasi cha kuridhisha, kwa kuwa kanuni zilirekebishwa mpaka zilingane. Lakini gesi iliyoko nje ya galaksi hailingani hata kidogo. Katika SIMBA gesi hutupwa mamilioni ya miaka ya nuru kutoka ilikoanzia, ambapo katika EAGLE nyingi zaidi hubaki karibu na nyumbani. Hapo ndipo swali la sasa la taaluma lilipo, na hapo ndipo tasnifu nyingi za miaka hii zinaandikwa.

Swali hilo lina mzizi katika pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya kupima eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililoko baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Uhuru. Miongoni mwa iliyoyaonyesha ni kwamba vishada vya galaksi vimejaa gesi ya moto inayong'aa kwa eksirei. Kiasi cha gesi hiyo ndicho ambacho uigaji wa FLAMINGO, uliochapishwa mwaka 2023 na kuendeshwa Durham, ulitumia kurekebisha kanuni zake. Sioni aibu kusema kwamba kila nikitazama mchoro wa gesi ya vishada huikumbuka Malindi.

Kwa anayechagua, maana ya haya ni moja. Ukienda Garching, yaelekea sana utafanya kazi ndani ya AREPO au GADGET-4, na msimamizi wako atakuwa ama mtu aliyeandika sehemu ya msimbo au mtu aliyekaa mlango wa pili na aliyeuandika. Ukienda Durham utakutana na SWIFT, msimbo ulioandikwa kwa C na kuchapishwa wazi ambao unaendelezwa na kikundi kikubwa, kila badiliko likipitiwa na mtu mwingine kabla ya kuingizwa; mwanafunzi wa uzamivu huko anaweza kuandika moduli nzima na jina lake likabaki humo. Ukienda Cape Town, uwezekano mkubwa ni kwamba utaanza na uigaji uliokwisha kuendeshwa, na uzito wa kazi yako utakuwa kuutafsiri kwa lugha ya darubini: galaksi hii ya SIMBA, ikitazamwa na darubini ya redio ya MeerKAT kwa saa kadhaa, ingeonekanaje? Wanaoiita hiyo kazi ya daraja la pili nadhani wanakosea. Darubini hiyo, iliyozinduliwa katika eneo kame la Karoo nchini Afrika Kusini tarehe 13 Julai 2018 ikiwa na madishi 64, inapima haidrojeni ya galaksi kwa undani ambao uigaji mwingi haukuwa umejaribiwa nao, na anayejua pande zote mbili, msimbo na kelele za data ya redio, ni adimu popote duniani.

Mashine

Hapa pengo ni kubwa, na halifai kufunikwa kwa maneno matamu. Katika mji mmoja wa Garching kuna kituo cha kompyuta cha Max Planck na kuna pia kituo cha Leibniz chenye SuperMUC-NG, vyote katika eneo ambalo mtu anaweza kulizunguka kwa miguu, jirani na makao makuu ya ESO, shirika la astronomia la nchi za Ulaya. Hapo ndipo uigaji wa Millennium ulipoendeshwa kabla ya kuchapishwa mwaka 2005: chembe zaidi ya bilioni 10, prosesa 512, takriban mwezi mzima. Uigaji wa TNG50 uliendeshwa Stuttgart kwa viini 16,320 vya prosesa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mwanafunzi hapati muda wa namna hiyo peke yake, lakini huketi ndani ya kikundi kinachojua kuuomba na kuupata, na kujifunza kuandika maombi ya muda wa kompyuta ni sehemu ya elimu ambayo vitabu haviitaji.

Durham ina mashine yake, COSMA, iliyo sehemu ya DiRAC, mtandao wa kitaifa wa kompyuta kuu. COSMA8 ilijengwa kwa kusudi moja bayana, yaani kuwa na kumbukumbu nyingi: kila nodi ina viini 128 na terabaiti 1 ya kumbukumbu. Msomaji aliyepitia kisa changu cha hapo juu ataelewa kwa nini jambo hilo linanigusa. Kwa mashine hiyo FLAMINGO iliweza kubeba chembe bilioni 300 katika mchemraba wenye upande wa zaidi ya miaka bilioni 9 ya nuru. Faida nyingine ya Durham, ambayo wageni hawaitambui mapema, ni kwamba wasimamizi wa mashine wapo chuoni hapo hapo. Kazi ikifa bila sababu inayoeleweka, unakwenda kuwaona uso kwa uso.

Cape Town inazo Lengau, kompyuta kuu ya kitaifa iliyozinduliwa mwaka 2016, na Ilifu, mfumo wa wingu wa taasisi ya IDIA iliyoanzishwa mwaka 2015, ambayo ni ushirika wa vyuo vya Cape Town, Western Cape na Pretoria. Ilifu ni neno la Kixhosa lenye maana ya wingu, na mfumo huo uliundwa hasa kwa ajili ya data ya MeerKAT, si kwa ajili ya kuendesha uigaji mkubwa. Kwa kazi ya kuchambua ni mashine nzuri: data iko hapo hapo, programu zimekwisha kusakinishwa, na mwanafunzi hufanya kazi kwa daftari la Python kupitia kivinjari. Kwa anayetaka kuandika injini na kuijaribu kwa viini elfu kumi, haitoshi, na atalazimika kutegemea washirika wa ng'ambo. Mgao wa umeme wa mwaka 2022 na 2023 uliwafundisha watafiti wengi wa huko kuandika programu zinazohifadhi hali yake mara kwa mara, tabia ambayo kusema kweli kila mmoja wetu angepaswa kuwa nayo.

Mkataba, posho na ada

Ujerumani mwanafunzi wa uzamivu wa Max Planck huwa na mkataba. Tangu mageuzi ya mwaka 2015 taasisi hizo ziliachana na utaratibu wa kutoa posho tupu, na sasa hutoa mkataba wenye bima ya afya na michango ya pensheni, kwa kawaida wa miaka mitatu unaoweza kuongezwa. Makato ni makubwa, na kodi ya nyumba katika eneo la München ni mojawapo ya kodi za juu kabisa nchini humo; chumba ndicho kitakachokupa shida kuliko equation yoyote, na anayepata ofa anafaa aanze kukitafuta wiki hiyo hiyo. Lakini kwa mwenye mke au mume na watoto, mkataba wa ajira una uzito ambao namba za posho hazionyeshi: familia huingia katika bima ya afya ya umma bila mchango wa ziada pale mwenza asipokuwa na kipato, na wazazi wengi wenye ajira ya aina hiyo hustahili posho ya watoto ya serikali, ambayo mwaka 2025 ilikuwa euro 255 kwa kila mtoto kwa mwezi. Shahada yenyewe hutolewa na chuo kikuu, mara nyingi Ludwig Maximilian cha München kupitia shule ya pamoja ya uzamivu ya IMPRS, wala hakuna ada ya masomo.

Uingereza mwanafunzi wa uzamivu ni mwanafunzi, si mwajiriwa. Posho ya taifa kwa mwaka wa masomo 2025/26 ilikuwa pauni 20,780, haikatwi kodi ya mapato, na Durham ni mji mdogo ambao posho hiyo inatosha mtu mmoja kuishi kwa staha. Ugumu upo kwenye mlango wa kuingilia. Tangu mwaka 2021 ufadhili wa mabaraza ya utafiti umefunguliwa kwa waombaji wa nchi zote, ila idadi ya wageni kwa kawaida haizidi asilimia 30 ya nafasi za kila ruzuku ya mafunzo. Kwa kikundi chenye nafasi chache hiyo huweza kuwa nafasi moja au mbili kwa dunia nzima. Juu ya hapo kuna ada ya viza na malipo ya huduma ya afya, pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, yanayolipwa kwa pamoja kabla ya kusafiri, na kila mtegemezi hulipiwa vivyo hivyo. Kwa viza ya miaka minne, mtu mmoja tu atalipa zaidi ya pauni 3,100 kabla hajaiona posho ya kwanza. Uliza mapema, kwa maandishi, kama idara itazirudisha fedha hizo. Baadhi hufanya hivyo na nyingine hazifanyi. Mimi niliwahi kuikubali nafasi mahali fulani nikiamini nimeahidiwa marejesho, kumbe ahadi ilikuwa ya mdomo ya mtu mmoja. Nililipa deni hilo kwa miezi mingi.

Afrika Kusini posho ni ndogo ukiihesabu kwa dola, na tofauti hiyo haiondolewi kabisa na unafuu wa maisha. Hata hivyo kuna milango miwili ambayo mtu wa Afrika Mashariki asiipite bila kuigonga. Mkenya ana wa kwanza: Kenya ni mojawapo ya nchi nane za Afrika zilizo washirika wa mradi wa darubini kubwa ya redio ya SKA pamoja na Afrika Kusini, na ufadhili wa SARAO, taasisi inayoendesha MeerKAT, umekuwa ukiwakaribisha wanafunzi wa nchi hizo. Mtanzania na Mkongo wana wa pili: nchi zao ni wanachama wa SADC, na itifaki ya elimu ya jumuiya hiyo ya mwaka 1997 inazitaka nchi wanachama kuwatoza wanafunzi wa kanda ada ile ile ya wenyeji. Mganda na Mrwanda hawana hata mmoja kati ya hiyo, na kwao Cape Town huhitaji msimamizi mwenye fedha zake za mradi. Viza ya masomo hudai pia bima ya afya inayotambuliwa nchini humo, gharama ambayo wengi huisahau katika hesabu zao.

Muda na mtihani wa mwisho

Durham hutoa miaka mitatu na nusu au minne, na mwisho wake ni mahojiano ya faragha na watahini wawili wanaopitia tasnifu ukurasa kwa ukurasa. Garching ni mitatu hadi minne, na utetezi ni mbele ya jopo. Cape Town tasnifu hupelekwa kwa watahini wa nje na mara nyingi hakuna mahojiano ya ana kwa ana, jambo linalowafariji wengine ingawa kusubiri ripoti kunaweza kuchukua miezi ambayo posho imekwisha. Mwaka wa masomo wa Afrika Kusini huanza Februari, wa Ulaya huanza Septemba au Oktoba, na kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuomba kote kote bila tarehe kugongana: Garching hufunga maombi ya IMPRS katika vuli ya mwaka uliotangulia, na idara nyingi za Uingereza hufunga karibu na Januari.

Nani aende wapi

Mtu ambaye furaha yake ni kuandika programu, anayeweza kukaa wiki nzima akitafuta kwa nini mkondo wa gesi hauhifadhi nishati na asichoke, ningempeleka Durham kabla ya Garching, ingawa jina la Max Planck linang'aa zaidi kwenye wasifu. Sababu ni ule utaratibu wa kazi: SWIFT unaendelezwa na kundi, makosa ya mgeni husahihishwa hadharani na kwa upole, na mwanafunzi hujifunza uhandisi wa programu unaofaa hata nje ya astronomia. Garching mwanafunzi hukutana na msimbo uliokomaa ambao mwandishi wake anaujua kwa moyo. Anayejua anachotaka hunufaika sana hapo, na anayesubiri kuelekezwa hukaa kando.

Mwenye familia changa, hata akiwa na mapenzi hayo hayo ya msimbo, ningemwambia Garching. Mkataba na bima vinampa miaka ya utulivu, na anaposhuka asubuhi kwenye kituo cha mwisho cha treni ya U6 awe na uhakika kwamba mtoto aliyeachwa nyumbani anaweza kupelekwa hospitali bila hesabu.

Na aliyevutwa na darubini kuliko kompyuta, au anayekusudia kurudi kufundisha Afrika Mashariki, ningemshauri aipe Cape Town nafasi ya kwanza bila kuona kwamba amejishusha. Kenya itakuwa na sehemu katika SKA kadiri miaka inavyokwenda, mradi wa mafunzo wa DARA umekwisha kuwafundisha vijana wa Kenya misingi ya astronomia ya redio, Mbarara na Kigali wana vikundi vinavyokua, na anayejuana kwa majina na watu wa Karoo na Cape Town atakuwa na washirika wa karibu kwa saa na kwa nauli. Shahada ya Garching haimnyimi mtu hayo, lakini itamlazimu aanze urafiki huo upya akiwa na miaka thelathini na kitu.

Kabla ya kuomba, zipo njia za kujijua upande uliopo bila kulipa senti. Matokeo ya IllustrisTNG yako wazi kwa kila mtu anayejiandikisha, na huhitaji kuyapakua: mfumo wao hutoa nafasi ya kazi ya Jupyter, yaani daftari la Python kupitia kivinjari, kwenye seva yao, kwa hiyo mwenye intaneti ya kusuasua Dodoma anaweza kuchambua galaksi elfu kumi akituma mistari michache tu ya maandishi. GADGET-4, AREPO, SWIFT na toleo la wazi la GIZMO hupakuliwa bure, na mifano yao midogo huendeshwa kwenye kompyuta ya mkononi. Chukua mwezi mmoja, wiki mbili kwa kuchambua TNG na wiki mbili kwa kuendesha mfano mmoja wa GADGET-4, ubadilishe kigezo kimoja, uuendeshe tena, kisha ujiulize ni wiki zipi zilipita bila wewe kutazama saa.

Katika mahojiano, mwombe msimamizi akuelezee wiki ya kawaida ya mwanafunzi wake wa mwisho aliyehitimu: alikuwa akihariri faili gani, alikuwa na saa ngapi za kompyuta kwa jina lake, na yuko wapi sasa. Mwombe pia uzungumze na mwanafunzi wa mwaka wa pili bila msimamizi kuwapo. Wa mwaka wa kwanza bado anashangaa, wa mwisho anawaza kuondoka. Wa mwaka wa pili ndiye aliye katikati ya foleni, na atakuambia inasubiriwa kwa siku ngapi.